Bakapu yako ina umri gani sasa hivi? Mwongozo wa kusimamia nakala za taarifa katika ofisi za Tabora

Ukipita ofisi kwa ofisi Tabora mjini ukauliza kama wanafanya bakapu, jibu ni lile lile: tunafanya. Ongeza swali la pili. Seva ikiungua sasa hivi, kazi ya muda gani itakuwa imepotea, na mtarudi kuhudumia watu saa ngapi? Hapo wengi hukosa jibu, na wanaojibu wanakadiria tu.

Mwongozo huu ni wa kulijibu swali hilo kwa tarakimu, kisha kuhakikisha tarakimu hizo zinabaki za kweli mwezi hadi mwezi. Nimemlenga afisa TEHAMA aliye peke yake katika SACCOS, zahanati au shule: mtu mwenye seva moja, kompyuta chache, mtandao wa wastani na umeme unaokatika. Mifano mingi ni ya SACCOS kwa sababu huko taarifa zikipotea, anayeumia ni mwanachama ambaye akiba yake yote imo humo.

Hatua ya kwanza: pata ahadi kutoka kwa wenye kazi

Usianze na programu. Kaa na keshia dirishani kwake umuulize: "Dada, mashine hii ikizima sasa ikarudi bila kazi ya tangu asubuhi, utaweza kuiingiza upya kwa risiti za karatasi?" Akikuambia kazi ya saa moja anaiweza lakini ya nusu siku hapana, umepata kikomo cha kwanza: upotevu unaovumilika ni saa moja. Halafu nenda kwa meneja: "Mzee, wanachama wakiwa mlangoni na mfumo haupo, mnaweza kuwahudumia kwa daftari kwa muda gani kabla ya kufunga ofisi?" Akisema saa nne, hicho ndicho kikomo cha pili, cha kurejea kazini. Kwenye programu na mikataba vikomo hivi vimeandikwa RPO na RTO. Cha kwanza kinapima taarifa zinazopotea, cha pili kinapima muda wa kusubiri. Usivichanganye, maana kila kimoja kina dawa yake.

Kila mfumo uwe na vikomo vyake. Mfumo wa akiba na mikopo unaweza kuwa saa 1 ya upotevu na saa 4 za kurejea. Mishahara, siku 1 na siku 2. Picha za fomu za wanachama, siku 1 na hata wiki nzima. Anayetaka kila kitu kiwe saa moja atalipa gharama kubwa kulinda vitu ambavyo hakuna atakayevitafuta kabla ya Ijumaa.

Uliza pia kuhusu msimu. Tabora ni mkoa wa tumbaku, na malipo ya wakulima yakianza kuingia, ofisi iliyokuwa na miamala michache kwa siku hujaa watu waliotoka Urambo, Kaliua na Sikonge. Kupoteza saa nne za kazi mwezi Februari kunaweza kurekebishwa jioni ile ile. Kupoteza saa nne katika siku za malipo maana yake kuna watu waliokwisha kupokea fedha ambao mfumo unasema hawajapokea, na wengine walioweka ambao mfumo hauwatambui. Kwa hiyo weka vikomo vya msimu na vya siku za kawaida, vyote viandikwe, na bodi isaini. Saini hiyo ndiyo itakayokupa nguvu ya kuomba diski ya pili baadaye.

Kabla bodi haijasaini, linganisha vikomo hivyo na ahadi mlizokwisha kutoa kwa watu wa nje, kwa mfano katika mkataba wa huduma na AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) mnazozihudumia. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Ukiahidi mfumo utapatikana kwa asilimia 99, umejiruhusu kutokuwepo saa 7.2 kwa mwezi. Asilimia 99.5 ni saa 3.6. Asilimia 99.9 ni dakika 43 tu. Kama kurejesha bakapu kunakuchukua saa tano, basi ahadi ya asilimia 99.5 itavunjika siku ile ile ya ajali ya kwanza, hata kama mwezi mzima hamkupata tatizo jingine. Ni afadhali kuliona hilo kwenye karatasi sasa, ahadi ikapunguzwa au vifaa vikaongezwa.

Hatua ya pili: orodhesha vilivyopo na mahali nakala zilipo

Orodha hii huandikwa kwa mchana mmoja. Andika kila mfumo, unakaa wapi, nakala zake ziko wapi, na nani anaweza kuzifikia. Kanuni inayotumika dunia nzima ni nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya jengo. Nje ya jengo isiwe chumba cha jirani: tarehe 10 Machi 2021 kituo cha seva cha OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, kiliungua mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja walipoteza hata bakapu kwa sababu zilikuwa eneo hilo hilo. Kama mna tawi Urambo au Nzega, diski iliyofungwa kwenye kabati la chuma kule inatosha kwa kuanzia.

Vinavyosahaulika mara nyingi ni hivi: faili la Excel lililoko kwenye laptopu ya mhasibu peke yake, mipangilio ya mfumo wenyewe, leseni, na nywila ya kufungulia bakapu zilizofungwa kwa msimbo. Hiyo ya mwisho iwekwe kwenye bahasha ndani ya sefu ya ofisi. Nakala isiyoweza kufunguliwa haina faida kwa mtu yeyote.

Folda inayojisawazisha yenyewe na Google Drive usiihesabu kama bakapu. Mtu akifuta faili huku, na kule linafutwa. Kirusi kikifunga mafaili, yanapanda yakiwa yamefungwa. Angalau nakala moja isiwe imechomekwa kwenye seva muda wote.

Na kumbuka kwamba nakala ya taarifa za wanachama ni taarifa binafsi kama ile ya asili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakutaka uzilinde, na ina masharti yake kuhusu kuzisafirisha nje ya nchi. Unapochagua kampuni ya hifadhi ya mtandaoni, uliza seva zake ziko nchi gani kabla hujapandisha hata faili moja.

Hatua ya tatu: pima umri, usihesabu alama za kijani

Ofisi nyingi hukosea hapa, kwa hiyo soma taratibu.

Programu ya bakapu itakuonyesha alama ya kijani na kukuambia "imefaulu". Neno hilo linaeleza kwamba kazi fulani iliisha bila hitilafu iliyoonekana. Halikuambii kama uko ndani ya kikomo mlichoahidi. Kipimo kinachotakiwa ni kimoja: umri wa nakala mpya kuliko zote inayoweza kutumika, kwa dakika hii. Umri huo unahesabiwa tangu bakapu ilipoanza kuchukuliwa. Hifadhidata inaponakiliwa, kwa kawaida kinachochukuliwa ni hali yake ya pale zoezi lilipoanza. Kilichoingizwa katikati ya zoezi hakimo.

Tuchukue mfano. Bakapu inaanza saa mbili usiku na kuisha saa tano usiku. Kisha inapandishwa mtandaoni, na inafika saa kumi na moja alfajiri. Meneja anasema, "Tunafanya kila siku, kwa hiyo tukiunguliwa tutapoteza siku moja tu." Sasa ofisi iungue Jumatano alfajiri, dakika chache kabla nakala ya Jumanne usiku haijamaliza kupanda. Nakala pekee iliyoko nje ya jengo ni ile iliyoanza Jumatatu saa mbili usiku. Umri wake ni saa 33. Kazi yote ya Jumanne imekwenda, ingawa kila ripoti ya wiki hiyo ni ya kijani.

Ndiyo maana mpangilio lazima uwe mfupi kuliko kikomo chenyewe. Kikomo kikiwa saa moja na bakapu inachukua dakika kumi, kuifanya kila saa kutakuacha na umri wa hadi dakika 70. Ifanye kila nusu saa. Kama seva inalemewa, tumia daftari la mabadiliko ambalo hifadhidata za PostgreSQL na MySQL hulitunza zenyewe: nakala kamili inachukuliwa mara moja kwa siku, na daftari linanakiliwa kila baada ya dakika chache.

Andika saa ya kuanza kwenye jina la faili lenyewe, kwa mfumo wa saa 24, kama vile akiba-2025-03-14-2000. Ripoti inayosema "bakapu ya saa 2" itasomwa na mmoja kuwa asubuhi na mwingine kuwa alasiri. Angalia pia saa ya seva za mtandaoni: nyingi huwekwa kwenye saa ya kimataifa, UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Ukilinganisha saa ya kule na ya Tabora bila kusahihisha, umri wote unaousoma umekosewa kwa saa tatu, na kwa kikomo cha saa moja kipimo hicho hakifai kabisa.

Hatua ya nne: piga hesabu ya mtandao wako

Gigabaiti 40 zikipandishwa kwa kasi halisi ya megabiti 4 kwa sekunde zinachukua zaidi ya saa 22. Nakala kamili ya kila usiku haitaisha kabla ya ofisi kufunguliwa, na itawanyang'anya makeshia mtandao. Pandisha mabadiliko tu siku za kazi, nakala kamili iende mwisho wa wiki.

Kurudi ni hivyo hivyo. Gigabaiti 40 zile zile zikishushwa kwa megabiti 10 kwa sekunde ni karibu saa 9. Kikomo cha kurejea cha saa nne hakiwezi kutimizwa kwa nakala ya mtandaoni peke yake. Nakala iliyoko ofisini ni ya kurudi haraka. Ya mbali ni ya moto, wizi na radi. Mnahitaji zote mbili.

Tena intaneti yenyewe inaweza kukosekana. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Ofisi ambayo nakala yake pekee ilikuwa nje ya nchi haikuwa na njia ya kuifikia kwa haraka.

Pima kasi wewe mwenyewe, saa za kazi, kwa faili halisi. Kasi iliyoandikwa kwenye tangazo la kifurushi usiiingize kwenye hesabu.

Hatua ya tano: weka kengele inayolia kukiwa kimya

Kengele nyingi hutumwa kazi ikishindwa. Lakini seva iliyozimika haiwezi kutuma ujumbe kwamba imezimika, na bakapu ambayo haikuanza kabisa haina hitilafu ya kuripoti.

Kisa cha GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu mtandaoni, kinafundisha vizuri, na wenyewe walikitangaza hadharani. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi alifuta kimakosa folda ya hifadhidata kwenye seva kuu. Walipokimbilia bakapu za kila siku hawakukuta kitu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL ilhali hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa kila ilipoendeshwa. Barua pepe za kuarifu zilikuwa zikitumwa, ila zilikataliwa zikiwa njiani kwa sababu za kiusalama, na hakuna aliyeziona. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kama saa sita kabla kwa shughuli nyingine. Kampuni yenye wahandisi wengi ilifikia hapo. Ofisi yenye mtu mmoja inahitaji kujilinda zaidi.

Geuza mpango. Kila bakapu inapomalizika salama, itume ishara kwa msimamizi, yaani programu iliyo nje ya seva hiyo. Msimamizi akikosa ishara kwa muda uliowekwa, yeye ndiye anayepiga kengele. Huduma kama Healthchecks.io hufanya kazi hii, au unaweza kuandika skripti fupi kwenye kompyuta ya tawi jingine. Sharti ni kwamba msimamizi asikae kwenye umeme ule ule na mtandao ule ule. Na kengele ifike kwa SMS kwa watu wawili, kwa kuwa afisa TEHAMA naye huenda likizo.

Mambo ya kufuatilia ni haya, kwa mpangilio wa uzito:

- Umri wa nakala ya ofisini na wa nakala ya mbali, kila mmoja peke yake. Onyo litoke umri ukifika robo tatu ya kikomo, kengele kamili ukifika kikomo.
- Ukubwa wa faili. Hifadhidata ya gigabaiti 6 iliyotoa bakapu ya kilobaiti 4 haijanakiliwa, hata programu ikisema imefaulu. Faili likipungua kwa asilimia 20 likilinganishwa na la wiki iliyopita, mtu aangalie.
- Muda bakapu inaochukua. Ukipanda kidogo kidogo kila wiki, diski inachoka au taarifa zimeongezeka, utalijua mapema.
- Nafasi iliyobaki kwenye diski.

Umeme ushughulikiwe hapa hapa. Tabora msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, radi si jambo la ajabu, na umeme ukikatika saa mbili usiku bakapu iliyopangwa saa hiyo haitafanyika. Programu ya cron kwenye Linux haifidii kazi iliyopitwa. Tumia anacron, au kipima saa cha systemd chenye mstari wa Persistent=true, ili kazi iliyokosekana ifanyike mashine ikiwaka. Kwenye kipanga kazi cha Windows kuna kisanduku cha kutiki chenye maana hiyo hiyo. UPS (betri ya dharura ya seva) nayo iunganishwe na seva kwa waya wake wa taarifa ili seva ijizime kwa utaratibu kabla betri haijaisha, na kebo ya mtandao inayotoka nje ya jengo ikingwe pia. Watu hukinga umeme wakaisahau hiyo, na radi huingilia huko.

Hatua ya sita: rejesha kweli, ukiwa na saa mkononi

Bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa usiiandike kwenye ripoti kama nakala. Kila mwezi rejesha sehemu: jedwali moja, folda moja. Kila robo mwaka rejesha mfumo mzima, kwenye kompyuta ya pembeni isiyounganishwa na mfumo unaotumika. Kamwe usijaribie juu ya seva iliyo kazini.

Saa ianze kuhesabiwa tangu mtu wa kwanza aliposema "mfumo haufunguki". Wengi huianza wanapobonyeza kitufe cha kurejesha, na hapo wamekwisha kuacha sehemu kubwa ya muda: kugundua tatizo, kumtafuta meneja atoe ruhusa, kupata mashine, kusakinisha programu, kutafuta nywila. Upakiaji wenyewe nao huwa mrefu kuliko kunakili, maana hifadhidata inajenga upya faharasa zake zote. Ukikuta kunakili ni dakika 20 na kurejesha ni saa mbili, usishangae, ndivyo inavyokuwa.

Mashine ndiyo inayokula muda mwingi zaidi. Seva mpya ikiagizwa Dar es Salaam haifiki Tabora ndani ya saa nne kwa njia yoyote. Kama kikomo ni saa nne, kompyuta ya akiba lazima iwepo ofisini, imesakinishwa tayari. Ya mezani yenye kumbukumbu ya kutosha inaweza kubeba SACCOS ndogo kwa siku kadhaa. Bodi ikisema hakuna fedha ya kompyuta hiyo, jibu la haki ni kuandika kikomo kuwa siku tatu na wote wakasaini.

Mfumo ukiwaka, usiamini macho. Kabla ya jaribio mwombe mhasibu akuandikie mambo matatu kama yalivyokuwa saa ya bakapu: jumla ya akiba zote, idadi ya wanachama, na namba ya risiti ya mwisho. Yalinganishe na yaliyorudi. Halafu mwite keshia afungue akaunti ya mwanachama mmoja na kutoa taarifa yake. Yeye huona kasoro ambazo fundi hazioni, kama jina lililoharibika herufi au mkopo usio na riba. Hapo ndipo saa isimame.

Andika kila kitu: tarehe, nakala iliyotumika, muda wa kila hatua, kilichokwama. Na jaribio moja kwa mwaka lifanywe na mtu mwingine akifuata maandishi yako, wewe ukiwa kimya. Kila mahali atakapouliza ni mahali ambapo maandishi yana pengo.

Hatua ya saba: ripoti ya bodi, ukurasa mmoja

Usiipe bodi asilimia ya kazi zilizofaulu. Kwa bakapu ya kila siku, 27 kati ya 30 ni asilimia 90 kila hali, lakini tatu zilizokosekana kwa kutawanyika zinaacha umri wa hadi saa 48, na tatu zilizofuatana zinafika saa 96. Asilimia ni ile ile na hatari imezidi maradufu. Wape haya: umri mkubwa kuliko wote mwezi huo kwa kila mfumo, saa ngapi kikomo kilivukwa, muda wa jaribio la mwisho la kurejesha na tarehe yake, na kinachohitaji fedha. Weka kikomo kando ya kila tarakimu ili hata mjumbe asiyejua kompyuta aone kilichopita.

Kikomo kikivukwa, iandike siku hiyo hiyo, pamoja na sababu. Kikivukwa miezi miwili mfululizo, leta mapendekezo mawili mezani: gharama ya kukitimiza, au kikomo kipya ambacho wako tayari kukisema mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Tawi jipya likifunguliwa, mfumo ukibadilishwa, au wanachama wakiongezeka sana, rudi hatua ya kwanza ukaulize upya, kwa kuwa keshia aliyekuwa akiweza kuingiza upya kazi ya saa moja kwa risiti huenda sasa ana foleni ya watu mia.